Mshono wa Baraka

Mwaka wa sabini na mbili, kawa la harusi ya Suad, kifuniko cha vyakula, lilihitaji maua yanayolingana ukingoni kote, la sivyo Kibera nzima ingemcheka Ijumaa vyakula vikifunikwa. Mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Fadlalla, alifika nyumbani kwao Silanga kusaidia. Akashona mshono mmoja, "wa baraka", akachoka sana, akaagiza chai.

Ukingo ukawa na mishono elfu moja na tisa. Suad akaigawa kwa maua saba, ukabaki mmoja. Kwa manane, ukabaki mmoja. Kwa tisa, vilevile.

"Weka kumi na mawili," mama mkwe akaamuru. "Kwetu tunajua hesabu."

Ukabaki mmoja.

Suad akamgeukia nyanya yake aliyeketi kando. "Nambari gani hii, Nyanya? Haigawiki!"

"Haipendi kugawana na watu," nyanya akasema taratibu. "Sijui imerithi kwa nani."

Suad alimtazama mama mkwe, akaifikiria Ijumaa, akafumua ule wa baraka. Elfu moja na nane ikakubali saba, nane, tisa, hata kumi na mbili.

"Na baraka yangu?"

Nyanya akamkabidhi kile kipande cha uzi. "Hii hapa, Mama Fadlalla. Nzima. Rudi nayo nyumbani."