Moto wa Mama Ihirwe

Kaliza alifika ukurasa wa tisini, na kutulia hakuweza. Kitabu kilisimulia habari za msichana wa shule aliyemwiga mpelelezi mashuhuri wa zamani: alichunguza tope la viatu na majivu ya sigara, akaandika kila kitu daftarini mpaka mwizi akakosa pa kujificha. Kaliza naye alikuwa na daftari. Wiki mbili sasa, dirishani kwao Rwezamenyo, aliandika nani ameingia kwa jirani na saa ngapi ametoka.

"We Kaliza, macho yatakutoka!" shangazi yake Daphrose aliita kutoka uani. "Kaombe moto kwa Mama Ihirwe, viazi vinaningoja."

Akachukua kigae cha kubebea makaa, akaenda kama kila jioni. Mama Ihirwe alisimama mlangoni, asimpishe.

"Moto hakuna."

Nyuma yake jiko la makaa lilikuwa jekundu, maharage yakitokota. Tangu Kaliza azaliwe, nyumba hizi mbili hazikuwahi kunyimana moto. Anayekunyima moto amekata ujirani.

"Lakini naona..."

"Unaona sana wewe. Haya, andika na hilo."

Kaliza alirudi na kigae kitupu, akafungua daftari. *Jumanne, saa kumi: Viateur, mdogo wake Mama Ihirwe, ameingia na begi. Jumatano: hajatoka.* Mwaka ule wa 1993 kila mtaa ulinong'ona juu ya watu wanaoandika majina ya wenzao ili waje wauawe, na Viateur alikimbia kutoka Gahanga baada ya kusikia jina lake limeandikwa. Na yeye, kwa mchezo, amemwandika tena.

Alikimbia kwa jirani na daftari na kitabu.

"Nilikuwa naiga hiki, Mama Ihirwe. Wallahi, naiga tu!"

Mama Ihirwe alifunua kurasa za daftari polepole. "Nani ameona?"

"Hakuna."

"Hata shangazi yako?"

"Hata yeye."

"'Mama Ihirwe, saa tatu, anafua huku akijisemesha,'" alisoma. "Kumbe! Na nikikoroma, umeandika?"

Lakini hakucheka. Akachana kurasa moja moja, akazitia motoni hadi jalada.

"Nimwombe Viateur radhi," Kaliza alisema.

"Ameondoka mchana kwa mlango wa nyuma. Alikuona dirishani na kalamu."

"Ameenda wapi?"

Mama Ihirwe alimtazama mpaka Kaliza akainamisha kichwa. Hata sasa alikuwa anapeleleza.

"Kigae chako kiko wapi?"

"Nimekisahau."

"Mpelelezi gani huyu!" Akachota makaa mawili kwa kifuniko cha sufuria yake mwenyewe. "Peleka. Daphrose hana kosa. Kifuniko ukirudishe kesho."

Viazi viliiva. Kaliza hakufungua ukurasa wa tisini na moja. Alikaa dirishani bila kalamu, akiinuka na kuketi, akiitazama njia asije akapita mtu mwenye begi anayerudi, asipate wa kumwambia kwamba daftari limeungua.