Uso wa Saa ya Bi Mwanasaumu

Mishi alikuwa hana shaka hata chembe kwamba kazi ni yake. Ronny naye alikuwa hana shaka hata chembe kwamba kazi ni yake. Na wawili hao walikuwa wakikaa meza moja katika duka la kuchapisha pale Mishomoroni, bega kwa bega, kila mmoja akimficha mwenziwe skrini kwa kiwiko.

Mambo yaliletwa na Fundi Abdulaziz wa Likoni, fundi wa saa za kale, zile za ukutani za mbao ambazo watu wameachiwa na mababu zao. Mashine za ndani yeye huzitengeneza zikaenda kama jana zimenunuliwa, lakini nyuso zake huwa zimeliwa na chumvi na mende, na kuchora yeye hajui, hilo husema mwenyewe bila haya. Sasa akawa ataka mtu wa kompyuta wa kumchorea nyuso, awe mtu wake wa siku zote. Wakajitokeza hao wawili. Fundi hakutaka maneno mengi. Akaleta uso mmoja umefungwa kwenye leso, ukapigwa skani, kila mmoja akapewa picha ile ile, na sharti likawa moja tu: mwenye saa ni Bi Mwanasaumu, mjane jirani yake, na uso atakaosema Bi Mwanasaumu ndio wake, aliyeuchora ndiye atakayechukua kazi. Uso mmoja kila mtu, na kwenda kumuuliza bibi mapema hakuna.

Uso wenyewe ulikuwa bati la mviringo lililobandikwa karatasi. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, namba za Kirumi nusu zimefutika, na, ukiacha ile ya katikati ya kupitia akrabu, yaani ile mikono ya saa, palikuwa na tundu mbili. Moja karibu na namba sita, nzuri, imezungushiwa pete ya wino. Nyingine karibu na kumi na mbili, mbovu, kama iliyotafunwa na panya. Akrabu zenyewe ziling'oka zamani, uso ukalegea ukadondoka, Bi Mwanasaumu akaviweka kabatini.

Ronny hakupoteza wakati. Alikuwa na programu ya simu, hizi za akili mnemba. Unaipa picha, unagusa mara moja, yenyewe inajaza palipotoboka na kuandika palipofutika. Chai yake haijapoa, uso ukatoka mweupe kama jino la mtoto, tundu mbovu imezibika usijue iliwahi kuwapo.

"Mishi, bado unatafuta programu tu?" akamwambia. "Mi nishamaliza kitambo. Naenda kukuletea mahamri, najua kazi ya pole pole inaleta njaa."

Mishi akamwambia alete na mbaazi.

Ukweli ni kwamba alikuwa ashajaribu programu mbili. Ya kwanza ilikuwa GIMP, ya bure, na kwa kusafisha picha wallahi haina makosa: doa la chai alilipangusa likaenda. Ila alipoukuza uso ule kufikia kipimo cha bati, zile namba zikaanza kuwa na ukungu pembeni, kama mtu aonavyo kwa miwani ya mwenzake. Akahamia Inkscape, ya bure vilevile. Hii hairekebishi picha, hii inakutaka uchore upya, mstari kwa mstari, juu ya ile skani kama kitambaa juu ya kitambaa. Na ukishachora, ukuze uwe sinia ya biriani, mstari unabaki na makali yake. Mishi akasema hii ndiyo yangu, na akishasema hivyo huyo, hata mamake hamtoi.

Lakini programu ya namna hiyo ina adabu yake. Haijazi chochote wewe usichokijaza. Kila doa lakuuliza: mimi ni mchoro au ni uchafu? Namba akazichora, akachora nukta za dakika. Akafika kwenye tundu mbovu, akaipita, maana nani atachora kazi ya panya? Akaenda mbele. Kisha roho ikamrudisha nyuma. Bati lenyewe lilikuwa hapo mezani, akapitisha kidole.

Panya hatafuni bati.

Akaliinua mwangani. Kuzunguka tundu ile mbovu palikuwa na mikwaruzo ya duara, mingi, iliyolala mmoja juu ya mwingine. Akaitambua mara moja, kwa sababu kitasa cha mlango wao kimekwaruzika vivyo hivyo. Huo ni ufunguo. Mtu ametia saa ufunguo kupitia tundu hiyo mpaka bati likachakaa. Na ile tundu nzuri yenye pete ya wino? Haina alama hata moja ya maana.

Akampigia Fundi Abdulaziz, akamwamkia, akamuuliza mashine ile yatiwa ufunguo mahali pangapi. Fundi akajibu mahali pamoja tu, chini ya katikati, kwani kuna nini? Mishi akasema hakuna kitu, akakata simu. Kama ufunguo uliingilia chini, na ufunguo uliingilia tundu mbovu, basi tundu mbovu ilikaa chini. Na namba iliyo karibu yake ni kumi na mbili. Miaka yote uso ule ulikuwa ukutani namba sita ikiwa juu.

Kwa nini, hakujua. Aligeuza mchoro, sita ikapanda juu, na kwa vile namba zote miguu yake yaelekea katikati, ukakaa sawasawa kama uliozaliwa hivyo. Ronny aliporudi na mahamri aliutazama, akaacha kutafuna. Akamwambia bila utani kwamba atajiharibia, atakuwa amepeleka kwa watu saa inayosimama kwa kichwa. Mishi akachapisha.

Ijumaa baada ya swala wakavuka wote wawili kwenda Likoni. Sanduku la saa lilikuwa sebuleni kwa Bi Mwanasaumu, mashine ikienda, Fundi Abdulaziz amesimama juu ya kigoda.

"Shikamoo bibi," wakasema pamoja.

"Marahaba wanangu. Haya nionyesheni, maana huyu fundi amenikalia kimya tangu asubuhi."

Wa Ronny ukatangulia. Fundi akaupachika, akatia akrabu zikae pa wakati ule, alasiri, mfupi kwenye nne, mrefu juu kabisa. Bi Mwanasaumu akautazama kwa heshima. Akasema ni mzuri, mweupe, Mungu ambariki aliyeutengeneza. Kisha akauliza kwa upole hiyo ni saa ya nani.

Mishi akampa fundi uso wake. Fundi akauangalia, akamwangalia Mishi, akataka kuugeuza. Mishi akamwambia, "Hapana, mjomba. Hivyo hivyo." Ronny akatazama sakafu, akiona haya kwa niaba yake. Akrabu zikarudi pale pale, lakini sasa chini ya mkono mfupi paliandikwa kumi.

Bi Mwanasaumu akavuta mtandio wake.

"Saa kumi," akasema. "Saa kumi kamili."

Akaketi. Ndipo akawaeleza. Marehemu mumewe alifanya kazi bandarini, na saa za bandari ni za Kizungu, alasiri kama hii mkono mfupi hukaa pa nne. Macho yake yalizoea akrabu zikae vile, namba hazisomi. Yeye mkewe asoma namba, na saa kumi kwake ni saa kumi. Basi bwana akitoka, bibi aivuta saa mbele kwa saa sita. Bwana akirudi, airudisha. Wakanuniana kwa ajili ya saa, wanandoa wazima. Siku moja bwana akaung'oa uso, akaugeuza, akatoboa tundu ya ufunguo kwa patasi aliyoazima kwa jirani, na ugomvi ukaisha. Bwana akasoma akrabu, mke akasoma namba. Mkono mrefu hauna haja ya namba, ukiwa juu ni kamili, ukiwa chini ni nusu.

"Na ninyi mwalijuaje?" akauliza.

Ronny akaonyesha kwa kidole. "Ni huyu, bibi. Mimi ile tundu nilikuwa nishaiziba."

Fundi Abdulaziz alikuwa bado juu ya kigoda, ameushikilia uso usianguke. Akamwuliza Mishi aweza kuja lini kuchukua nyingine, ziko tele. Mishi akasema hata leo. Fundi akaanza kuushusha ule uso ili aupige gundi, lakini Bi Mwanasaumu akamzuia.

"Uache hapo kwanza, baba," akasema, na macho hayakutoka ukutani. "Mkono ukichoka, huyu kijana atakupokea."

Fundi akashuka, Ronny akapanda kigoda, akaushika uso.