Waya Nilioubana kwa Mikono Yangu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi nilibonyeza ile alama ya dunia ndogo pembeni ya kioo cha laptopu, ikaniambia hakuna intaneti. Nikaibonyeza tena. Kompyuta haina haya: ukiiuliza mara mia itakupa jibu lilelile mara mia, bila kupepesa macho.

"Imekubali?" dada akauliza kutoka mlangoni.

"Inakuja."

"Nimeuliza imekubali. Sijauliza inakuja."

Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na saa nne kamili asubuhi ile alikuwa na mtihani wa mdomo wa kuwa mkuu wa wodi hiyo, mbele ya watahini watatu walioketi mji mwingine. Mwaka jana aliufanya akaanguka. Bodi inaruhusu mara mbili tu. Ukianguka mara ya pili, wodi anakabidhiwa mwingine, na wewe utapokea amri za wadogo zako mpaka unastaafu. Barua ya bodi ilikuwa na masharti kumi na moja. La nne lilisema kompyuta iunganishwe kwa waya na simu isiwepo kabisa, maana mwaka jana watu waliganda kwenye kioo midomo wazi, kama samaki wa dukani. La tano lilisema atakayechelewa zaidi ya dakika kumi amejifuta mwenyewe.

Waya tulikuwa nao. Ndiyo maana wiki nzima nilikuwa natembea kifua mbele. Kisanduku cha intaneti kiko sebuleni, chumba changu kiko mwisho wa ushoroba, na kati yake nilitandaza waya wa mita kumi na tano. Niliupima mwenyewe, nikaukata mwenyewe, na vichwa vya pande zote mbili nilivibana kwa koleo langu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu. Nyumbani wananiita Injinia, na nusu ya jina hilo ni kejeli. Mimi huchukua ile nusu nyingine.

"Fanyia chumbani kwangu," nilikuwa nimemwambia. "Mlango unafungwa, na waya wangu haujawahi kukatika."

Jana jioni tuliujaribu, ukaenda kama maji mferejini. Leo kimya.

Nikaizima laptopu, nikaiwasha. Kimya. Nikachomoa waya, nikapuliza tundu, nikachomeka. Pembeni ya tundu kuna taa ndogo ya kijani, nayo ilikuwa imekufa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifuta draiva, ile programu ya kuuendesha waya, nikairudisha. Kompyuta ikanipongeza kwa kazi nzuri, kisha ikaniambia hakuna intaneti.

"Mashine hii ni mwanaharamu!" nikafoka.

"Usiitukane," dada akasema. "Leo naihitaji kuliko ninavyokuhitaji wewe."

Nikatoka mbio kwenda sebuleni. Sebule yetu ndiyo karakana ya shangazi, dada yake baba, fundi cherehani ambaye wateja wake humpigia magoti. Siku hiyo alikuwa amewafukuza wote na kuifunika cherehani shuka, ili pasiwe na kelele. Alikuwa ameketi anashona vifungo kwa mkono. Shangazi hawezi kuona kitu kinaning'inia. Mto wa kiti ameushonea kwenye kiti. Rimoti ya televisheni ameishonea mfuko, na mfuko ameushonea kwenye mkono wa kochi, kwa hiyo ukitaka kubadilisha stesheni lazima uinamie kochi kama unalinong'oneza. Mfuko wa shati langu jeupe aliushona ukafungika kabisa, kwa sababu, alisema, natia vitu halafu navipoteza.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema bila kumtazama, nikainama kwenye kisanduku.

"Marahaba, baba. Umeona nilivyo..."

"Baadaye, Shangazi."

Kisanduku kilikuwa kizima. Taa zote zinacheza, isipokuwa ile ya tundu langu, la tatu. Nikahamishia waya tundu la pili. Taa ya pili ikakataa. La kwanza. Ikakataa.

"Waya hauna neno?" shangazi akauliza.

"Waya hauna neno. Waya nimeutengeneza mimi."

"Haya. Nilitaka tu kukuambia kwamba alfajiri..."

"Shangazi, nakuomba!"

Akarudi kwenye vifungo vyake. Nikarudi chumbani mbio, kisha sebuleni tena, kisha chumbani. Nadhani nilikimbia ushoroba ule mara saba. Sikujikwaa hata mara moja, na katika hasira zangu sikujiuliza kwa nini.

Saa tatu kasorobo nikapiga simu kwa kampuni ya intaneti. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole uliozidi, upole wa mtu anayelipwa kuvumilia.

"Taa ya kwenye tundu inawaka, kaka?"

"Haiwaki."

"Umejaribu waya mwingine?"

"Sina mwingine. Na huu ni mzima."

"Umejuaje kuwa ni mzima, kaka?"

"Nimejua kwa sababu nimeutengeneza mimi."

"Aaa," akasema, na ile aaa yake ilikuwa ndefu kama foleni ya benki. "Basi kaka, huku kwetu laini yako iko safi. Kama taa haiwaki, ama ni tundu, ama ni waya. Nikutumie fundi kesho?"

"Kesho ya nini? Ya kunizika?"

Nikakata simu. Fundi! Aje mtu na begi begani, anyanyue waya wangu kwa vidole viwili kama anayeshika panya, aseme, "Huu nani kaubana?" Afadhali nife.

Saa tatu na nusu dada aliingia amevaa sare yake, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuta nimeketi sakafuni na laptopu mapajani, jasho linanitoka.

"Niambie ukweli," akasema.

"Nimeshajua. Ni mfumo. Nitafuta kila kitu, nianze upya."

"Utachukua muda gani?"

"Saa moja. Ikizidi, moja na nusu."

"Mimi nina nusu saa."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilitegemea alie, au anirushie kiatu, na kwa kweli kiatu kingenisaidia zaidi. Badala yake akasema polepole, "Unajua mwaka jana nilianguka wapi? Waliniuliza habari ya mtoto asiyesogeza mguu. Nikakimbilia picha, nikakimbilia damu, nikataja mashine zote za hospitali. Nilipomaliza, mtahini akaniuliza kitu kimoja: 'Huyo mtoto umemshika?' Nikabaki nimekodoa. Nilikuwa sijamshika."

"Sasa hilo na hili..."

"Huo waya wako umeushika?"

"Nimeushika huku, nimeushika kule."

"Na katikati?"

Mchagua jembe si mkulima, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nimelaumu laptopu, draiva, kisanduku, na binti wa watu kwenye simu. Katikati nilikuwa sijagusa.

Tukatoka wote wawili. Dada akapiga magoti ushorobani na sare yake ile, akaweka kiganja sakafuni. "Waya uko wapi?"

Nikatazama. Hapakuwa na waya. Palikuwa na zulia letu refu la kahawia, limenyooka, safi, na ule waya ambao kila siku ulikuwa ukininasa kidole gumba cha mguu mbele ya bafu haukuwepo. Dada akapapasa ukingo wa zulia kama anavyopapasa mgongo wa mtoto, kidole baada ya kidole. Ukingo ulikuwa mnene. Ulikuwa umekunjwa, na mkunjo ule ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa katani, mishono sawasawa, kutoka mlango wa sebule mpaka mlango wa chumba changu.

"Ndiyo mmeona sasa!" Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu, uso unang'aa. "Nimeamka saa kumi na moja. Jana dada yako karibu avunje shingo hapa, na wewe Injinia miezi mitatu unasema utapigilia, utapigilia. Nikasema leo ni siku yake, hatajikwaa mtu. Nimeutia waya ndani ya pindo. Hata harusini hutaona pindo kama hilo."

"Umeushona kwa kitu gani, Shangazi?"

"Kwa shazia. Ile sindano ya magunia. Zulia gumu hili."

"Na ilipita wapi?"

"Ilipita vizuri. Kuna mahali palikuwa pagumu kidogo," akasema, na sauti yake ikaanza kupungua, "nikasukuma kwa kastabini ya kidoleni."

Dada akafumua mishono miwili kwa wembe wa shangazi na kuufunua waya. Ganda lake la bluu lilikuwa limetobolewa tundu, na katika tundu lile uzi wa katani ulipita upande mmoja na kutokea upande wa pili. Hatua moja mbele, tundu jingine. Na jingine. Shangazi alikuwa ameudunga waya wangu kama anayechanja mifugo.

Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Nilikuwa na maneno, na yalikuwa makali, na yalikuwa yamejipanga. Dada akanibana bega.

"Dakika ishirini na mbili," akasema. "Ugomvi tutafanya saa tano."

Shangazi alikuwa amejishika shavu. "Nilikuwa nakuambia, baba. Nilikuambia mara mbili."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko matundu yote, kwa sababu ni kweli.

Kutoka kwenye kisanduku mpaka mlango wa sebule waya haukuwa umeguswa na sindano. Mita mbili na nusu. Zilitosha kufika kwenye meza ya cherehani, hazikutosha kwenda popote pengine. Nikaukata pale pale. Shangazi na dada wakainyanyua cherehani, wakaiweka kwenye kochi. Mimi nikamwaga kopo langu la vifaa sakafuni nikitafuta kichwa kipya cha waya, maana kilichokwisha kubanwa hakibanwi tena. Kilikuwepo kimoja tu, nacho ulimi wake, ile pembe ndogo ya plastiki inayokishikilia tunduni, ulikuwa umevunjika. Nilikikanyaga mwenyewe mwezi uliopita. Kukitupa nikaona uvivu.

Nyaya nane ndani ya waya mmoja. Nyeupe yenye machungwa, machungwa. Nyeupe yenye kijani, bluu. Nyeupe yenye bluu, kijani. Nyeupe yenye kahawia, kahawia. Naweza kuzipanga nimefumba macho. Asubuhi ile, macho wazi, nilizikosea mara mbili. Mara ya tatu nikabana. Nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka!

Nikaachia mkono. Ikazima.

Nikabonyeza kichwa kwa kidole gumba. Ikawaka. Nikaachia. Ikazima.

"Ina maana gani hiyo?" dada akauliza. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu.

"Ina maana kuwa sitaondoka hapa," nikasema. Nikaingia chini ya meza, nikapitisha mkono juu ya ukingo, nikakaza kidole.

Watahini wakatokea kwenye kioo. Nilikuwa naona viatu vya dada tu na kanyagio la cherehani. Sauti ya mama mmoja, nzito, ikamsalimu na kumwuliza kama yuko peke yake chumbani.

"Hapana, mama," dada akasema. "Shangazi yangu yuko mlangoni anazuia watu. Na mdogo wangu yuko chini ya meza ameushikilia waya."

"Tuonyeshe."

Dada akainamisha laptopu. Watu watatu wazima wenye miwani wakanitazama, nami nimekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi, kidole juu.

"Kijana," ile sauti nzito ikasema, "ukitamka neno moja, mtihani umekwisha. Umesikia?"

Nikataka kujibu ndiyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Dakika arobaini. Chini ya goti langu kulikuwa na pini, na fundi cherehani hana pini moja. Kidole kilianza kuwaka, kisha kikafa ganzi, kisha kikaanza kuwaka upya. Kila jibu la dada nililikamilisha moyoni kabla yake, nikakosea, nikajikasirikia. Halafu mtahini akauliza: "Mtoto wa siku tatu. Mama anasema tangu alfajiri hanyonyi. Umefika kitandani. Unafanya nini?"

Dada hakujibu.

Sekunde tano. Kumi. Nikajua laini imekufa, nimemuua dada yangu kwa kidole changu. Nikakaza mpaka mfupa ukalia. Nikageuza shingo kutazama taa ya kisanduku. Ilikuwa inawaka. Laini ilikuwa nzima. Dada ndiye aliyekuwa anafikiri.

"Nanawa mikono," akasema. "Halafu namshika."

"Halafu?"

"Nasikiliza anavyopumua. Nagusa miguu kama ni baridi. Namwuliza mama yake, na ninamwacha mama amalize kusema. Mashine baadaye."

Nikainamisha kichwa kwenye mguu wa meza.

Wakamwambia asubiri kwenye laini. Wakanyamazisha sauti yao dakika saba nzima, na sijawahi kuchukia kitu kama nilivyozichukia dakika zile saba. Mara ile sauti nzito ikarudi. "Muuguzi, umefaulu. Hongera. Na huyo wa chini ya meza, sasa anaweza kusema."

Shangazi alipiga kelele ambayo hata wateja wake aliowafukuza bila shaka waliisikia. Dada alikuwa analia, anacheka, anaifuta pua kwa sare. Nami, mwenye maneno yote yale makali yaliyojipanga tangu saa tatu na nusu, nilifungua mdomo.

"Mguu umekufa ganzi," nikasema.

Nikaachia kidole. Watahini wakapotea kwenye kioo. Waya ukachomoka, ukabaki umening'inia ukingoni mwa meza, unayumba.

Shangazi akautazama. Nikamwona anavyoutazama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kola ya gauni, mahali anapochomeka sindano.

"Shangazi," nikasema kutoka sakafuni. "Mikono chini."