Kitanda cha Mhubiri

Novemba ilikuwa zamu ya Marged wa shamba la Hafod kumlaza na kumlisha mhubiri. Kila nyumba ya kanisa la Cwm Hafesb ilikuwa na mwezi wake, na hakuna aliyesahau wa kwake. Ijumaa ile alioka mkate wa zabibu, akatandika shuka safi kitanda cha ghorofani, akapangusa vumbi kwenye picha ya Mchungaji Emrys Tudor iliyotundikwa juu ya meko, kama zilivyotundikwa picha za wahubiri wakubwa katika kila nyumba bondeni. Chupa ya maji ya moto hakuitia kitandani. Binti yake Nansi angekuja.

Mhubiri alifika saa kumi, kalowa chapachapa. Alikuwa kijana, Tegwyn Rees, ametumwa mwezi mzima kupita kanisa kwa kanisa akiwaamsha watu kiroho. Alikula supu ya kondoo, akasifu, kisha akauliza kwa adabu kama kitanda kimeanikwa. Hakuwa anadeka. Kitanda cha wageni hulaliwa mara chache, godoro hunyonya unyevu wa kuta za mawe, na wahubiri wawili watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa homa ya mapafu waliyoitoa kwa wenyeji wakarimu.

“Subiri kidogo, Mchungaji,” Marged alisema. “Nansi hajashuka.”

Giza lilipoanza kuingia, ngazi zililia. Nansi alishuka miguu mitupu, mtoto amemfunga kifuani kwa shali. Nje ilikuwa mvua, lakini mabegani mwake palikuwa na theluji, na haikuyeyuka alipopita karibu na moto. Baba yake, Edryd, aliyekuwa akishona hatamu ya farasi, aliinua miguu ampishe.

“Kanenepa huyu,” alisema, akimtazama mtoto. “Kidevu tu ndicho kisicho chetu.”

Nansi alikunywa maziwa ya mtindi akiwa amesimama, akamwitikia mhubiri kwa kichwa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kitanda kilikuwa na joto. Godoro lilikuwa limebonyea mahali pa mtu mmoja, na kando yake padogo. Mchungaji Rees alilala vizuri kuliko alivyolala tangu aanze safari, na asubuhi alishukuru, akauliza binti anaishi wapi.

“Nyuma ya ukuta wa makaburi,” Edryd alisema. “Tangu Machi mwaka jana.”

Marged alimweleza yaliyobaki huku akimpakia siagi mkate. Binti wa nyumba ndiye anayepasha joto kitanda cha mhubiri: hujilaza humo saa nzima, akaamka mhubiri anapomaliza chakula. Ndivyo walivyofanya wote, yeye mwenyewe alifanya hivyo usichanani mwake. Yule wa kwenye picha, mwaka juzi, hakungoja kumaliza chakula; alipanda Nansi angali kitandani. Mimba ilipoonekana, wazee wa kanisa walifunga milango baada ya ibada, wakamsimamisha Nansi mbele ya watu, wakafuta jina lake katika kitabu cha waumini. Alimtaja baba wa mtoto. Akaambiwa hilo hakuulizwa. Alitoka akashika njia ya mlimani, kwenye theluji, na walimpata siku ya tatu, ameganda. Asiye na jina kitabuni hazikwi ndani ya ukuta. Mtoto alizaliwa Agosti, huko huko nyuma ya ukuta, kama walivyohesabu.

“Kitabu mnakishika nyinyi,” Marged alisema. “Mrudishie jina lake, Mchungaji. Na la mtoto uliandike. Sitaki kingine.”

Mchungaji Rees aliitazama picha, akautazama mkate wake. Aliahidi.

Jumapili wazee walikaa kikao. Marged alingoja nje, amejikinga mvua ubavuni mwa ukuta, mikono ndani ya aproni. Walipotoka, Mzee Cadwaladr Puw alimshika mkono kwa furaha. Walikuwa wamekubaliana bila mpinzani. Kule kwingine kote wahubiri walikuwa wakikohoa, na Mchungaji Rees mwenyewe ameshuhudia kitanda cha Hafod. Basi kuanzia sasa wahubiri wote watalala Hafod, miezi yote kumi na miwili.

“Na jina?”

“Jina halijaiva, Marged wa Hafod. Mchungaji Tudor anakuja Machi kutuongozea mkutano. Hatuwezi kumwaibisha mgeni.” Akaongeza kwamba naye atalala hapo hapo, maana kifua chake si kizuri siku hizi.

Njiani kurudi Mchungaji Rees aliomba radhi, na alimaanisha. Walipofika lango la shamba aliuliza kama Nansi atakuja na leo.

Alikuja. Marged alimwambia yote jikoni, bila kupunguza. Nansi alisikiliza, akamtua mtoto chini. Mtoto alisimama peke yake, akatembea hatua nne hadi kwenye meko, akainua uso kuitazama picha.

“Machi nitakuja, Mama,” Nansi alisema. “Ila siku hiyo nitachelewa kushuka.”

Mhubiri alichukua mshumaa, akapanda kwenda kulala kungali mapema, kabla joto halijapotea. Marged alipiga magoti, akaupima unyayo wa mtoto kwa uzi wa sufu. Ulikuwa baridi kama bati. Akaongeza upana wa kidole, kwa sababu hadi Machi utakuwa umekua, akaanza kufuma soksi.