Msemaji wa Debora

Kwa kina Debora, jambo zito halisemwi na mwenye nalo. Ukitaka kuoa, unatuma mtu. Mbuzi wako akila mihogo ya jirani, unatuma mtu, na huyo jirani atamjibu aliyetumwa, ingawa wewe umesimama hapohapo unasikia kila neno. Ndivyo walivyolelewa huko Kidete, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Ubaya ulianza kuonekana mtoto wao alipopata chuo.

Debora alikuwa mwaka wa pili kwenye kampasi moja ya chuo kikuu pale Mikumi, anasomea utalii. Mitihani ikiwa katikati, bibi yake Lea, aliyemlea tangu akitambaa, akafariki. Angewezaje kwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara, macho yamevimba, kuanza kujieleza? Akafanya kama watu wazima wa kwao wanavyofanya. Akamtuma Deo, kiongozi wa darasa.

"Deo, naomba unisemee idarani. Nakwenda kuzika."

"Usijali, Debo. Hilo niachie mimi."

Na Deo, Mungu amsamehe, kweli alisema. Alitangaza msiba kwenye grupu la WhatsApp la darasa, akachangisha rambirambi, akazituma. Pole zikamiminika. Hata mwalimu wa somo aliandika pole, akaweka na vile viganja viwili vya kuomba dua. Dunia nzima ilijua isipokuwa idara, kwa sababu idara haimo kwenye grupu la darasa. Debora aliporudi kutoka kuzika, akakuta jina lake limebandikwa ubaoni kwamba ametoroka mtihani, na anayetoroka mtihani pale chuoni amedisko. Anafungasha virago, habari imekwisha.

Aliyefeli analia akijua analilia nini. Huyu hakufeli. Alikuwa bado hajamaliza kumlilia bibi, akaambiwa alie upya.

Mlezi wa wanafunzi, mama mmoja aitwaye Agatha, alimkalisha ofisini kwake, akamfungia mlango, akamweleza taratibu.

"Sikiliza, mwanangu. Rufaa ipo. Andika barua, ambatanisha kibali cha mazishi, uje uikabidhi mwenyewe na usaini mbele ya karani. Mwisho ni Ijumaa. Ofisi ikifungwa, ndiyo basi tena. Usimtume baba, usimtume mama, na huyo kiongozi wenu wa darasa usimtume kabisa. Uje wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Na alielewa. Hilo ndilo linalouma kuliko yote.

Kibali cha mazishi kilikuwa Kidete, kwa mjomba wake Octavian, kaka mkubwa wa mama yake. Katika ukoo wao, mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Ndiye anayewasemea, iwe ni posa, ugomvi au msiba. Debora akapanda basi la Kilosa, akaunganisha mpaka nyumbani, akafika Jumatano jioni. Alichodhani ni kwamba ataomba karatasi, atalala, kesho yake ageuze.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Keti."

Akaeleza yote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, halafu akavua miwani.

"Na hiyo barua unataka kuipeleka wewe? Peke yako?"

"Ndiyo, mjomba. Wamesema lazima niwe mimi mwenyewe..."

"Wamesema hivyo kwa sababu wanadhani huna watu." Mzee alikuwa ameshasimama. "Mtoto ajisemee mbele ya wakubwa kama aliyeokotwa njiani? Kaburi la marehemu hata halijakauka, mnataka anitokee usiku? Nitakwenda mimi."

"Basi twende wote, mjomba."

"Wewe lini umeona mkosaji anakaa kwenye kikao anachoombewa msamaha?"

Debora akamtazama mama yake, Selestina. Mama akamfinya paja, yaani nyamaza. Na Debora, msichana anayeweza kumweleza Mzungu habari za tembo kwa saa nzima bila kukwama, akanyamaza. Si kwamba alikosa la kusema. Alikuwa nalo, limekaa kooni: mjomba, ukienda wewe, mimi nimekwisha. Lakini kumwambia mzee, mbele ya dada yake, kwamba kuna mahali ambapo kauli yake haina kazi, hilo hakuliweza. Akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, akampa, akijidanganya kwamba labda karani atakuwa na huruma.

Alhamisi mzee akaondoka na koti lake la kanisani, kibali na barua mfukoni.

Mtu atauliza, si angemfuata? Alijaribu. Ijumaa asubuhi na mapema alibeba mkoba wake mpaka barabarani. Alipogeuka nyuma akamwona mama yake amesimama mlangoni, mikono kichwani kama yuko msibani. Gari likaja, likasimama, konda akamwita dada twende. Debora akarudi nyumbani akaendelea kutwanga.

Mchana simu ikaita. Alikuwa mama Agatha.

"Debora, uko wapi? Karani anakusubiri. Kuna mzee hapa amejitambulisha kuwa mjomba wako, yuko kwa mkuu wa kampasi wanakunywa chai. Wewe uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Hosteli?"

"Kidete."

Mama Agatha akalirudia jina hilo polepole.

"Barua anayo mjomba," Debora akaongeza haraka.

"Haipokelewi kwake. Nimeshamwomba karani, amekataa." Sauti ya mama yule haikuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo iliyommaliza Debora. "Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia vizuri kabisa."

Akampigia mjomba. Simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mzee mwenye adabu zake hapokei simu mbele ya mwenyeji wake. Akapiga tena na tena mpaka chaji ikaisha. Kisha akakaa kwenye kigoda jikoni, akasubiri machozi, nayo hayakuja. Hakuwa na hasira na Deo, wala na mjomba. Alijichukia yeye na adabu yake, na alijua kwamba hata kesho ingekuwa vilevile. Ofisi zikafungwa Mikumi, yeye anachambua mchele.

Jumamosi mzee akarudi, uso unang'aa. Akapewa kiti, akapewa maji, akaanza.

"Watu wastaarabu sana wale. Mkuu wao kijana tu, lakini aliponiona akasimama. Akaniamkia. Chai akanimiminia kwa mkono wake. Nikamweleza tangu mwanzo, bibi alivyokulea, alivyougua, tulivyomzika. Hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza akasema, 'Mzee, tumekusikia.'" Akamgeukia dada yake. "Unaona, Selestina? Wamenisikia."

Mama akapiga kigelegele, akakimbilia ndani kutafuta mfuko wa kumfungia binti yake mchele wa kwenda nao chuoni.

Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa barua. Ilikuwa imekunjwa vilevile Debora alivyoikunja.

"Na hii nimekurudishia. Haikuhitajika."

Debora akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofundishwa.

"Asante, mjomba."

"Tumshukuru Mungu," akajibu mzee. "Jumatatu uwahi basi."