Depo Ilikuwa Tupu

Donatien alishtakiwa kukimbia adui, na kwa askari kosa hilo ni kifo. Kapiteni wake aliapa mbele ya majaji wa kijeshi, hapa Uvira, eti jioni ile Donatien alikimbia waasi, na kwetu Bwegera hakukuwa na raia hata mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ina lami!

Tulikuwemo, wanawake na watoto, tumejificha ndani ya depo, ghala la mpunga. Kapiteni akaamuru ichomwe, ati tunalisha waasi. Donatien akaketi mlangoni, bunduki magotini. "Muko watoto ndani, kapiteni. Sichomi." Hakuondoka mpaka tukatoroka kwa nyuma.

Wenzangu wote walikataa kutoa ushahidi, kwa sababu kesi ikiisha kapiteni anarudi kwetu na bunduki zake. Mume wangu naye akanikataza. Nikamwambia, "Weye siku ile ulikuwa Lemera. Nyamaza!"

Olga, avoka aliyemtetea Donatien, akanifunika kitambaa cheusi kichwa kizima ili nisijulikane. Niliogopa kufa, lakini nilisema yote. Mwendesha mashtaka akacheka.

"Waheshimiwa, gunia linazungumza! Gunia lina jina?"

Ukumbi mzima ukacheka naye. Mushenzi! Damu ikanipanda. Liwalo na liwe, nikashika kitambaa nikivue. Kapiteni, pale benchi ya mbele, akainama anione vizuri.

Jaji akamgeukia Donatien. "Mushtakiwa, huyu mama unamujua?"

Donatien akamtazama kapiteni, kisha mkono wangu ulioshika kitambaa.

"Hapana, Mukubwa. Minye simujui. Depo ilikuwa tupu."

"Muongo!" nikapiga kelele. "Donatien, weye muongo! Sema kweli, wanakuua!"

Hakuinua kichwa. Polisi wawili wakanikamata mikono, wakanitoa nje na kitambaa changu kichwani. Olga alikuwa analia.

Wamemuhukumu kifo. Mume wangu kila asubuhi anamwombea na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Minye siwezi. Nina hasira naye, nina uchungu, nani alimutuma anifie?

Kapiteni amerudi Bwegera. Jana tulipishana kwenye njia ya shamba.

"Jambo, mama," akanisalimia, kama anavyosalimia mama yeyote.

Nami nikamwitikia.