Wewe na Nani

"Kompyuta hii tupa, mama. Nakwambia ukweli," alisema fundi wa kampuni iliyomuuzia cherehani, akichomoa flashi yake. "Programu yetu haitambui hata jina la mfumo huu."

Mama Nembo alikuwa akiitazama sentensi nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, inayosema kwamba mfumo wake haukubaliki. Nyuma yake, cherehani mpya ya kutarizi, inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta, ilikaa kimya, nyuzi zimeshatungwa kwenye sindano zote sita, haina la kufanya.

Jina la Mama Nembo alipewa na mtaa, kwa sababu nembo za shule zote za karibu zilitoka chumbani mwake: ngao, mienge, vitabu vilivyofunguliwa. Kompyuta aliiokota stoo ya shule mojawapo. Mifumo miwili mikubwa ya kuendesha kompyuta, ile inayojulikana na kila mtu, ilishaikataa kwa uzee wake. Yeye akaiwekea mfumo mwingine, unaotengenezwa na watu wa kujitolea, ulio wazi kwa yeyote kuuchungulia na kuurekebisha. Waliousikia ni wachache. Kwa miaka minne, kila Jumapili mchana, alisaidia kuutafsiri neno kwa neno: Hifadhi, Chapisha, Tendua. Hilo la mwisho, la kufuta ulichokifanya punde, yeye alitaka liwe "Fumua", kama fundi anavyofumua mshono uliokwenda upande. Wenzake wakamshinda kwa kura, na kinyongo hakijamtoka mpaka leo.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza.

"Nunua kompyuta nyingine."

"Yangu ni nzima."

Fundi akacheka, si kwa ubaya. "Mama, mnaotumia huu mfumo mko wangapi? Wewe na nani?"

Wewe na nani. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ile ile aliingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wenzake akauliza: nani humu anatarizi? Alitegemea wawili, watatu. Mwezi ulipokwisha alikuwa na barua thelathini na moja. Mshona kofia. Masista wawili wanaotia alama mashuka ya hospitali. Mwanajeshi mstaafu anayetarizi majina kwenye maovaroli ya mafundi magari. Kila mmoja alitaja cherehani yake, na wote walimalizia kwa maneno aliyowaomba: "Mkitengeneza programu inayokubali mfumo wetu, nitainunua."

Siku ya kampuni kukutana na wateja wake ilipofika, alikwenda makao ya kampuni na mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtungia nyuzi na kumkatia vitambaa. Ukumbi ulikuwa na zulia jipya na baridi ya kiyoyozi. Meneja aliipitia bahasha ya barua zile harakaharaka, kama mtu anayehesabu kurasa bila kuzisoma.

"Tumefurahi sana, mama. Lakini ninyi hamjazi hata kiganja. Wateja wetu ni maelfu."

"Sijaja kuomba cha bure," alisema Mama Nembo. "Nimekuja kununua. Niko mlangoni na hela mkononi, na wewe ndiye unayenifungia duka."

Watu wa karibu wakageuka. Pembeni ya meneja alisimama mama mmoja mwenye miwani, mwandishi wa programu yenyewe. Huyo ndiye aliyeuliza, taratibu, "Umejaribu kuiendesha? Inakwama wapi?"

"Tuliikwepa ile sentensi nyekundu ikafunguka, lakini inagoma ikifika kwenye kukagua leseni, kabla ya kutuma mchoro kwenye cherehani. Kuchora kunakubali. Wenzangu wameandika yote, yako ukurasa wa mwisho. Mnachohitaji ni vitu vitano. Kimoja tu ndicho kigumu."

Yule mama akaufungua ukurasa wa mwisho, akausoma wote, kisha akausoma tena.

Meneja akaona mambo yanamponyoka. Akaagiza iletwe kompyuta mpya kabisa, ndani ya boksi, yenye mfumo mkubwa na programu yao. Zawadi. Mpiga picha wa kampuni akasogea.

"Dada, chukua," mdogo wake alimnong'oneza. "Chukua yaishe. Shule zinafungua wiki mbili zijazo."

Mama Nembo aliligusa boksi kwa kiganja, na mkono ukatamani. Kisha akaurudisha. "Na hawa thelathini na moja, mna maboksi yao?"

Mpiga picha akashusha kamera.

Walipofika nyumbani, mdogo wake alitupa mkasi mezani. "Kiburi hakitatarizi hizo nembo mia tatu za shule, dada."

"Vidole vitatarizi."

Na kweli vilitarizi. Cherehani ilikuwa na kioo chake kidogo, ambacho kiliruhusu mchoro kuingizwa nukta kwa nukta. Kazi ya saa moja ikamchukua siku tatu. Macho yalimwasha, kidole cha shahada kikafa ganzi. Mara mbili mwenge ulitoka kwenye kioo umepinda kama ndizi, akaufumua na kuanza upya. Siku ya nne sindano zikaanza kushuka, na ngao ya kwanza ikatokea imenyooka. Mdogo wake akaichukua, akaipindua kutazama mafundo ya nyuma, akasonya, akaenda kuleta kitambaa kingine.

Shule zilikuwa zimeshafungua ujumbe ulipoingia. Uliandikwa na mama mwenye miwani. "Hili ni toleo la majaribio. Wakubwa hawajalipitisha. Lijaribu na wenzako, mniambie."

Walilisubiri lishuke kwenye kompyuta, wote wawili wamesimama. Dirisha likafunguka. Lilikuwa la kijivu, nusu ya vitufe haipo, herufi nyingine zimegeuka visanduku. Alipogusa rangi nyekundu, ikaja kijani.

Mdogo wake akaguna. "Ndiyo hii?"

"Imefunguka," alisema Mama Nembo. "Hebu vuta kiti."

Akafungua ukurasa mtupu, akaandika juu yake: Makosa. Mdogo wake akainamia kioo, akaanza kumsomea moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Walikuwa wamefika la kumi na saba, na walikuwa bado hawajagusa sehemu ya nyuzi.